Mwanga Unaokuza Fedha na Dhahabu

Katika zahanati za Kilwa na Lindi, mwenye homa huchomwa kidole, tone la damu yake likawekwa kwenye kipimo cha haraka cha malaria, na baada ya robo saa hivi mhudumu husoma mistari. Ukitokea mmoja ule wa kuthibitisha, kipimo kimefanya kazi na kimelea hakikuonekana. Ikitokea miwili, mgonjwa ana malaria. Wengi hudhani wekundu wa mistari ile ni wino, au ni damu yenyewe iliyosambaa. Katika vipimo vingi vya aina hiyo, ni dhahabu. Ni dhahabu halisi, iliyogawanywa ikawa chembe zenye upana wa nanomita 20 hadi 40, kisha zikaunganishwa na kingamwili zinazonasa protini ya kimelea. Milimita moja ina nanomita milioni moja, kwa hiyo thamani ya dhahabu iliyomo katika kipimo kimoja ni ndogo mno. Kazi yake ni kubwa.

Pwani hii na dhahabu wanajuana tangu zamani. Katika karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule aliyemkaribisha Ibn Battuta mwaka 1331, alipiga sarafu za dhahabu kwa jina lake, kwa utajiri uliotokana na biashara ya Sofala. Mwaka 1502 Vasco da Gama alitia nanga Kilwa Kisiwani akiwa na mizinga, akamlazimisha Amir Ibrahim kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo ilifuliwa Lisbon ikawa chombo cha ibada kiitwacho Custódia de Belém, kazi ya sonara Gil Vicente iliyokamilika mwaka 1506. Kipo hadi leo katika Museu Nacional de Arte Antiga, Lisbon, na rangi yake ya njano haijachuja.

Sasa chukua punje ya dhahabu kama hiyo, uigawe mpaka upate chembe za nanomita 20, uziache zielee ndani ya maji safi. Maji yatakuwa mekundu. Hujaongeza rangi, hujaichanganya na madini mengine, na atomu ni zile zile. Kilichobadilika ni namna mwanga unavyokutana na elektroni za dhahabu hiyo. Na hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka lieleweke kuliko mengine yote: mwanga hauishii kutuonyesha rangi ya chembe hizi. Kwa baadhi ya madini, hasa fedha, mwanga wa rangi uliyoichagua unaweza kuzikuza chembe mpaka ukubwa fulani, kisha ukuaji ukafifia wenyewe. Rangi ya taa inakuwa kifaa cha kutengenezea.

Tuanze na elektroni. Katika dhahabu, fedha na shaba kuna elektroni ambazo hazikufungwa kwenye atomu moja. Ziko huru kuhama ndani ya kipande chote, na ndiyo sababu madini haya hupitisha umeme vizuri. Mwanga nao ni wimbi la umeme na sumaku. Ukipita kwenye chembe iliyo ndogo kuliko urefu wa wimbi lake, huzivuta elektroni zote kwa pamoja upande mmoja, kisha upande wa pili, mara mamia ya trilioni kwa sekunde. Mabaharia wa Kilwa Kivinje wataelewa haraka, maana wameona maji ya ngama yanavyokimbia ndani ya jahazi kutoka tezi kwenda omo na kurudi. Kila chombo kina mwendo wa ngama yake: chombo kifupi maji huenda na kurudi upesi, chombo kirefu huchukua muda. Mawimbi ya bahari yakigonga kwa mwendo huo huo, ngama hupanda na kurukia juu. Yakigonga kwa mwendo mwingine, hutikisika kidogo tu. Elektroni ndani ya chembe hufanya hivyo hivyo, na mtikisiko wao wa pamoja wanafizikia huuita plazmoni.

Kutokana na hilo unaweza kukisia rangi kabla hujaiona. Chembe ya fedha ya duara yenye upana wa nanomita 10 huitikia mwanga wa zambarau, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 400 hivi. Huumeza huo, na mwanga unaobaki ukilifikia jicho, maji huonekana ya njano. Dhahabu ya duara humeza kijani, karibu na nanomita 520, kwa hiyo huonekana nyekundu. Lakini fedha ile ile ikifanywa bapa, yenye umbo la pembetatu, elektroni hupata uwanja mrefu wa kukimbia, mwendo wao hupungua, na chembe huanza kumeza mwanga mwekundu. Hapo maji ya fedha huwa ya buluu. Ni madini yale yale, na umbo pekee ndilo limebadilika.

Michael Faraday alilitambua hili kwa sehemu mwaka 1857 huko London. Alitengeneza maji mekundu ya dhahabu na kueleza kwamba ndani yake mna dhahabu iliyogawanyika mno, ingawa hapakuwa na hadubini ya kumwonyesha chembe hizo. Mwaka 1908 Gustav Mie, Mjerumani, akaandika hesabu zinazoeleza kwa nini chembe za ukubwa fulani hutoa rangi fulani. Hesabu zake zinatumika mpaka sasa.

Mafundi walitangulia kwa mikono. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, na baadaye Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones walipochimba Songo Mnara kuanzia mwaka 2009, udongo ulitoa shanga nyingi za kioo. Miongoni mwa shanga zilizosafiri sana katika biashara ya Bahari ya Hindi ni zile nyekundu zisizopenyeka na mwanga, na wekundu wake ulitokana na shaba. Fundi wa kioo alitia shaba katika kioo kilichoyeyuka, akainyima tanuru hewa, na shaba ikajikusanya katika chembe ndogo sana za madini au za oksidi yake nyekundu. Hewa ikiingia kwa wingi, shaba ile ile hukipa kioo rangi ya buluu au kijani. Alitawala moto na hewa, na kwa kuvitawala hivyo akatawala chembe ambazo hakuwahi kuziona. Huo ni ujuzi mkubwa. Hata hivyo moto ni mgumu kuusimamisha mahali unapotaka: ukizidi kidogo au ukipungua, shanga zote za chungu kile zinatoka na rangi nyingine.

Mwanga ni mtawala mwenye adabu zaidi. Aliyesoma kemia sekondari anaikumbuka chupa ya kahawia ya naitreti ya fedha, ile tunayotumia kupima kloridi. Ni ya kahawia kwa sababu mwanga huharibu kilichomo. Tone likikuangukia kidoleni, baada ya muda juani ngozi hupata doa jeusi, na doa hilo ni fedha: ioni za fedha zimepokea elektroni zikawa atomu, na atomu zimejikusanya zikawa chembe. Upigaji picha wote wa filamu ulisimama juu ya tabia hiyo ya fedha. Mpiga picha aliyesafisha picha zake katika chumba cha giza chini ya taa nyekundu alijua kwamba karatasi yake haisikii mwanga mwekundu. Alikuwa anatumia rangi ya mwanga kuamua fedha iitikie wapi na inyamaze wapi.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Rongchao Jin, Chad Mirkin na wenzao walitengeneza chembe za fedha za duara, zenye upana wa nanomita 8 hivi, zikielea majini pamoja na sitreti, chumvi ya asidi iliyomo katika limau. Maji yalikuwa ya njano, kama inavyotarajiwa. Waliyaweka karibu na taa. Haikuwa leza wala mtambo wa gharama, ilikuwa tyubulaiti ya wati 40, ya aina iliyozoeleka kuwashwa madukani Nangurukuru, Kilwa. Baada ya saa nyingi njano ikawa kijani. Ilipofika saa ya 70 hivi, maji yote yalikuwa ya buluu. Chini ya hadubini ya elektroni, duara zilikuwa zimetoweka na mahali pake pamejaa pembetatu bapa, zenye pande za nanomita 100 na unene wa nanomita 16 hivi. Taa ikizimwa, mabadiliko husimama. Ikiwashwa, huendelea pale yalipoishia.

Linalotokea mle ndani linastahili kufuatwa taratibu, kwa sababu ndiko uliko uzuri wa jambo hili. Chembe inapomeza mwanga, elektroni zake hupata nguvu na kuacha nafasi wazi nyuma yao. Sitreti iliyoshikamana na chembe huziba nafasi hizo kwa kutoa elektroni zake, na yenyewe huvunjika. Hivyo chembe hubaki na elektroni za ziada. Ioni za fedha zinazoelea jirani huzipokea, hugeuka atomu, na kujishikiza kwenye kingo za pembetatu kuliko kwenye nyuso zake, ndiyo maana chembe hutanuka bila kunenepa sana. Ioni hizo nazo zinatoka kwenye duara ndogo zilizobaki: oksijeni iliyomo majini huziyeyusha polepole, na fedha yake huenda kuwalisha wakubwa. Mwanga, sitreti na oksijeni vinafanya kazi pamoja, na kimoja kikiondolewa ukuaji hukwama.

Kadiri pembetatu inavyotanuka, mwanga inaoumeza husogea kuelekea upande wa wekundu. Ikiwa taa yako ni ya buluu, punde chembe inakuwa kubwa mno kwa mwanga huo, haiumezi tena vizuri, na ukuaji wake unafifia. Ikiwa taa ni nyekundu, chembe ina safari ndefu zaidi kabla ya kufika hapo. Kwa hiyo taa ya buluu hutoa chembe ndogo na taa nyekundu hutoa kubwa. Anayechagua rangi ya taa amechagua na ukubwa.

Mwaka 2003 kundi lile, akiwemo mwananadharia George Schatz, lilionyesha udhibiti huo kwa ukamilifu zaidi. Walipotumia mwanga wa nanomita 550 peke yake walipata kitu ambacho hakikutarajiwa: pembetatu za saizi mbili, moja yenye pande za nanomita 70 hivi na nyingine za nanomita 150 hivi, na za kati karibu hazipo. Sababu ni kwamba pembetatu nne ndogo zilikuwa zinaungana kingo kwa kingo na kuwa moja kubwa yenye upande mara mbili. Ndipo wakaongeza mwale wa pili, wa buluu, nanomita 450. Muungano ukazuilika, zikabaki pembetatu za saizi moja. Kwa kubadili mwale wa kwanza, waliweza kupata pande za kuanzia nanomita 30 hivi hadi 120. Mimi naona mwale ule wa pili ndio ugunduzi mkubwa kuliko hata wa kwanza. Taa moja ilikuwa inakuza, na nyingine ikikataza. Mkemia aliyezoea kutawala joto, mgandamizo na kiasi cha dawa alikuwa amepata usukani mpya, unaowashwa na kuzimwa kwa swichi.

Dhahabu ilikuwa ngumu zaidi kuitawala kwa njia hii, lakini mwaka 2016 kundi la Wei David Wei katika Chuo Kikuu cha Florida lilionyesha kwamba nayo hukua kuwa bapa chini ya mwanga wa kawaida, iwapo kingo zake zimeshikwa na polima iitwayo PVP, inayozihifadhi elektroni zenye nguvu pembeni mwa chembe muda wa kutosha zifanye kazi.

Turudi pwani. Swali la kwanza ambalo msomaji wa Kilwa ana haki ya kuuliza ni la jua, maana tunalo la kutosha. Kilwa Masoko iko karibu na nyuzi 9 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Jua linaweza kuzalisha chembe za fedha, na maabara nyingi duniani zimefanya hivyo kwa kuchanganya naitreti ya fedha na maji ya majani au ya mwani, ambayo hutoa elektroni badala ya sitreti. Wakulima wa mwani wa pwani hii hawajui, na sioni ajabu, kwamba zao lao limekuwa likijaribiwa kwenye chupa za wakemia. Tatizo la jua ni kwamba lina rangi zote kwa mpigo. Mwanga wa rangi zote hukuza chembe za saizi zote, na wingu likipita hesabu ya muda inavurugika. Kwa kuzalisha chembe tu, jua linatosha. Kwa kuchagua ukubwa, taa ya LED ya rangi moja ni bora, na taa hizo leo ni za bei ndogo na huwaka kwa umeme wa sola.

Swali la pili ni la chumvi, na hapa pwani yetu ina kikwazo chake. Mtu akitumia maji ya kisima cha Kilwa au cha Lindi mjini, ambako bahari haiko mbali, kloridi itaikamata fedha kabla mwanga haujafanya lolote, na chupa itajaa unga mweupe. Hata chembe zilizokwisha kukua, zikikutana na chumvi nyingi, hushikamana, rangi ikapotea na fedha ikatuama chini. Lazima yatumike maji yaliyokenekwa. Lakini udhaifu huo huo umegeuzwa kuwa kipimo. Kwa kuwa rangi ya chembe inategemea umbo na umbali kati yao, kitu chochote kinachozigusa huonekana kwa macho. Chembe za fedha na dhahabu zimetumika kutambua zebaki majini kwa mabadiliko ya rangi, na wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao wako pia mkoani Lindi, ndio wanaoshika zebaki kwa mikono yao. Kipimo cha aina hiyo, kinachosomeka bila mtambo, kingewafaa wao na wanaochota maji upande wa chini wa mto.

Nisieleweke kwamba haya ni mambo ya mbali. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni chujio la maji linalounganisha mchanga na vitu vya nano, likirekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alipata Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kazi yake haikutumia mwanga kukuza chembe. Ninamtaja kwa sababu alianza na maji ya watu wake, akatafuta kemia inayoyafaa, na huo ndio mpangilio sahihi.

Lipo pia jambo la hatari, nami silitaji kwa kutimiza wajibu tu. Huuzwa duniani, na sasa hata mitandaoni kwetu, maji ya fedha yanayodaiwa kutibu kila ugonjwa. Usiyanywe. Fedha ikinywewa kwa muda mrefu hujikusanya mwilini, na ngozi hubadilika kuwa ya kijivu chenye ubuluu, hasa usoni na mikononi, mahali panapopigwa na jua. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walieleza sababu: fedha iliyofika karibu na ngozi hupokea elektroni kwa nguvu ya mwanga na kuwa chembe nano, kama inavyotokea kwenye chupa. Jua linaendesha kemia ile ile ndani ya mtu, na rangi hiyo haitoki kwa kuoga wala kwa dawa za kawaida.

Bahari nayo ihurumiwe. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, na mikoko yake ni malezi ya kamba na samaki. Ioni za fedha ni sumu kwa viumbe wa majini hata zikiwa kidogo. Mabaki ya jaribio yasimwagwe mtaroni. Yatiwe chumvi ya kawaida, ambayo Kilwa na Lindi haziikosi, fedha ituame, ichujwe na kuhifadhiwa. Kikwazo nilichokitaja juu ndicho kinachotupa usalama hapa.

Ninachokiomba ni kidogo. Vyuo vikuu vyetu vyenye spektrofotomita, yaani vifaa vya kupima mwanga unaomezwa, na mafundi wa kemia vishirikiane na shule za sekondari za pwani ya kusini, vizipelekee taa za LED za rangi tatu na chembe changa za fedha zilizotengenezwa tayari, ili wanafunzi waone kwa macho yao taa ya buluu na taa nyekundu zikitoa maji ya rangi tofauti kutoka chupa moja. Shule isiyo na msaada huo inaweza kuanza na ilicho nacho: naitreti ya fedha ya kabatini iliyozimuliwa sana, sitreti, maji yaliyokenekwa na glavu. Mwalimu, tayarisha chupa mbili za mchanganyiko huo. Moja ifunike kwa karatasi nyeusi, nyingine iache mwangani, na kila baada ya saa moja wanafunzi waandike rangi wanayoiona katika kila chupa.